Obama kabla ya Ikulu: maswali kuhusu miaka yake ya uwakili na useneta wa Illinois

Pale Nyang'oma Kogelo, kaunti ya Siaya, kuna shule ya sekondari inayoitwa Senator Obama. Na wanywaji wa bia ya keg ya Senator nchini Kenya walishazoea kuingia baa na kuagiza "Obama" bila kueleza zaidi. Cheo hicho cha useneta tulikipokea kwa shangwe mwaka 2004, alipochaguliwa kwenda Washington. Lakini siku hiyo alikuwa tayari seneta, na kwa karibu miaka minane, katika Seneti nyingine isiyosikika sana huku kwetu. Maswali ya hapa chini ni kuhusu miaka hiyo, pamoja na kazi yake ya uwakili iliyokwenda sambamba nayo.

Seneta wa jimbo na seneta wa Marekani si kitu kimoja?

Hapana. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Karibu yote yana mabaraza mawili (Nebraska peke yake ndiyo yenye moja). Bunge la Illinois linakaa Springfield, lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Seneta wa Marekani ni mwingine kabisa: kila jimbo linapeleka wawili tu Washington.

Neno "jimbo" lenyewe linatuchanganya. Mtanzania akisikia "jimbo" anafikiria eneo la mbunge mmoja. Hapa nalitumia kwa maana ya Illinois nzima, na sehemu anayowakilisha seneta mmoja nitaiita eneo la uchaguzi. Obama aliwakilisha eneo namba 13, kusini mwa jiji la Chicago: Hyde Park wanakoishi wasomi wa chuo kikuu, South Shore, na mitaa ya watu weusi yenye hali ngumu iliyo jirani.

Kwa hiyo alikuwa kama MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa Kenya?

Watu hupenda kulinganisha hivyo, na ulinganisho unasaidia kwa nusu tu. Ni kweli kwamba mbunge wa jimbo ni mtu wa karibu na wapiga kura wake, anapigiwa simu kuhusu mambo ya mtaani, na magazeti makubwa hayamjali. Lakini mamlaka ya bunge lake ni makubwa kuliko ya bunge la kaunti. Sheria za mauaji, wizi, ndoa, leseni za kazi, shule na polisi nchini Marekani hutungwa zaidi majimboni. Wakati Obama yuko Springfield, Illinois ilikuwa bado na adhabu ya kifo. Bunge lake lilikuwa na uwezo wa kuamua nani auawe kwa makosa gani na kwa ushahidi wa namna gani. MCA hana mzigo huo.

Alikuwa mwanasheria au wakili?

Vyote viwili. Alimaliza shahada ya sheria Harvard mwaka 1991, na mwaka uliotangulia alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa jarida la sheria la chuo hicho, Harvard Law Review. Mwaka huohuo wa 1991 akaandikishwa kuwa wakili wa Illinois. Mwenye sifa kama hizo angeweza kuingia ofisi yoyote kubwa ya mawakili Chicago au New York na kulipwa vizuri. Majira ya joto ya 1989 alikuwa ameshaonja kazi hiyo kwenye ofisi ya Sidley & Austin, ambako wakili aliyepangiwa kumwelekeza alikuwa Michelle Robinson, baadaye mkewe.

Hakurudi huko. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura iitwayo Project Vote, iliyoingiza watu wapatao 150,000 kwenye daftari. Ukumbuke daftari hilo, tutalirudia. Mwaka 1993 akajiunga na ofisi ndogo ya Davis, Miner, Barnhill & Galland, iliyojulikana kwa kesi za haki za raia.

Alisimamia kesi gani?

Chache, na mara nyingi akiwa mmoja wa kundi la mawakili. Tusimpambe: hakuwa yule wakili wa kutikisa mahakama kwa maneno. Kazi yake ilikuwa zaidi ya kusoma, kuandika hoja na kuandaa nyaraka.

Iliyo nzito zaidi kwa maoni yangu ni ile ya mwaka 1995, ACORN dhidi ya Edgar. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha mwaka 1993 sheria ya kuwaruhusu wananchi kujiandikisha kupiga kura wanapokwenda kuchukua leseni ya udereva. Illinois, chini ya Gavana Jim Edgar wa Republican, haikuitekeleza. Obama na wenzake waliipeleka serikali ya jimbo mahakamani, na mahakama ikaiamuru itii. Kulikuwa pia na Barnett dhidi ya Daley, iliyopinga jinsi mipaka ya wadi za Chicago ilivyochorwa kuwapunguzia nguvu weusi, na kesi ya wateja weusi dhidi ya Citibank, waliodai kunyimwa mikopo ya nyumba kwa sababu ya rangi. Hiyo iliisha kwa mapatano.

Na kuna moja ambayo huwa haitajwi kwa sababu haina siasa ndani yake: Baravati dhidi ya Josephthal, mgogoro wa dalali wa hisa aliyedai mwajiri wake wa zamani alimchafulia jina. Obama alisimama mwenyewe mbele ya mahakama ya rufaa mwaka 1994 kumtetea dalali huyo, na upande wake ukashinda.

Nimetumiwa ujumbe kwamba alinyang'anywa leseni ya uwakili. Ni kweli?

Si kweli. Ujumbe huo umezunguka miaka na miaka, na kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia unafufuka. Wakili wa Illinois asiyefanya tena kazi hiyo anaweza kuomba mwenyewe awekwe kwenye orodha ya wasiofanya kazi, asilipe ada kamili wala kuhudhuria mafunzo ya lazima. Obama alifanya hivyo mwaka 2007, alipokuwa anagombea urais. Michelle alikuwa ameshafanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna shauri la nidhamu lililowahi kuamuliwa dhidi ya yeyote kati yao.

Alikuwa profesa kweli?

Alifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1992 hadi 2004, na alikuwa na somo lake kuhusu ubaguzi wa rangi na sheria. Cheo chake kilikuwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi. Chuo chenyewe kilisema baadaye kwamba wahadhiri waandamizi wa kitivo hicho huhesabiwa kama maprofesa. Anayetaka kubishana kuhusu neno na aendelee.

Alipataje kiti cha Seneti mwaka 1996?

Hapa ndipo uwakili na siasa vilipokutana, na ukitaka kumwelewa Obama mwanasiasa anzia hapa badala ya kuanzia kwenye hotuba zake.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamama msomi aliyeheshimika upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 nafasi ya ubunge wa Washington ilitokea, Palmer akaamua kuigombea, na akamuunga mkono Obama arithi kiti chake cha Springfield. Obama alitangaza nia Septemba 1995 katika hoteli moja ya Hyde Park. Mambo yalionekana yamekwisha.

Novemba, Palmer akashindwa kwenye kura ya mchujo ndani ya chama na Jesse Jackson Jr. Wafuasi wake wakasema: basi mama arudi kwenye kiti chake, na kijana asubiri zamu yake. Wazee walimwendea Obama kumwomba ajitoe. Akakataa, alisema alipewa neno, na ameshachangisha fedha na kukusanya watu.

Palmer akaingia mbio akiwa amechelewa. Sheria ilimtaka kila mgombea alete sahihi 757 za wapiga kura walioandikishwa katika eneo hilo. Timu ya Palmer ilikusanya zaidi ya hizo kwa haraka, ndani ya siku chache za kabla ya Krismasi. Timu ya Obama ikaketi na fomu hizo ukurasa kwa ukurasa, ikizilinganisha na daftari la wapiga kura. Huyu kaandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi. Huyu anaishi ng'ambo ya mpaka wa eneo. Huyu jina lake limefutwa daftarini. Wakakata, wakakata, mpaka Palmer akabaki chini ya 757 na kujiondoa. Kisha wakawafanyia vivyo hivyo wagombea wengine watatu. Siku ya mchujo ilipofika Machi 1996, jina lilikuwa moja tu kwenye karatasi.

Kwa Kiswahili cha siasa za Tanzania, alipita bila kupingwa. Chicago ni ngome ya Democratic, chama cha Obama, kwa hiyo uchaguzi mkuu wa Novemba ulikuwa kama kutia muhuri.

Hiyo si hila?

Ilikuwa halali kabisa, na kwa Chicago ilikuwa desturi. Wanasiasa wa mji huo wana mawakili ambao kazi yao ni hiyo tu. Lakini mimi sioni sababu ya kuipaka sukari. Mtu aliyekuwa ametumia miezi kadhaa ya 1992 kuwaandikisha maskini ili sauti zao zisikike ndiye aliyetumia daftari hilohilo kuwanyima wapiga kura wa eneo namba 13 nafasi ya kuchagua. Alipoulizwa miaka ya baadaye, alijitetea kwamba kama huwezi kufuata kanuni za kukusanya sahihi, utawawakilishaje watu vizuri. Jibu la wakili.

Wakenya wanaielewa hoja hiyo kuliko wengi, hasa baada ya Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais na nchi nzima ikajifunza Fomu 34A na 34B, zile za matokeo ya kura, ni nini. Karatasi ndogo huamua mambo makubwa.

Aliendelea na uwakili baada ya kuchaguliwa?

Ndiyo, na aliruhusiwa. Ubunge wa Illinois huchukuliwa kama kazi ya muda; vikao vingi viko kati ya Januari na mwisho wa Mei. Wabunge wenzake walikuwa wakulima, mawakala wa bima, walimu na mawakili. Obama aliapishwa Januari 1997 akabaki na jina lake kwenye ofisi ya mawakili kwa kazi ndogondogo, akaendelea kufundisha, na katikati ya juma akawa Springfield, mwendo wa gari wa kama saa tatu, kilomita zipatazo 320. Mishahara mitatu, nyumba moja, na mke ambaye hakuficha kwamba hapendi mpango huo.

Mfumo huu una kasoro yake iliyo wazi: mtu anayetunga sheria asubuhi anaweza kuwa na wateja wanaofaidika nayo jioni. Ndiyo maana wabunge hutakiwa kutangaza maslahi yao.

Miaka sita ya kwanza alifanya nini?

Kwa sehemu kubwa, alingoja. Republican walikuwa na wingi katika Seneti mpaka mwisho wa 2002, na mbunge wa upinzani Springfield anaweza kuwasilisha miswada mia isitoke hata mmoja kwenye kamati.

Mafanikio yake ya mapema yalitokana na kushirikiana na upande wa pili. Mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuzuia wabunge kupokea zawadi kutoka kwa washawishi (watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wao) na kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi, akishirikiana na Kirk Dillard wa Republican. Kabla ya hapo mbunge wa Illinois angeweza kuzigeuza fedha za kampeni kuwa zake. Wenzake wengi hawakumshukuru kwa kazi hiyo.

Jioni alicheza karata. Walikuwa na meza ya poka waliyoiita "kikao cha kamati", dau dogo dogo, maseneta wa vijijini na mijini, wengi wao weupe na wenye umri mkubwa kuliko yeye. Waliocheza naye walimkumbuka kama mtu mwangalifu asiyeweka fedha mpaka awe na uhakika na karata zake. Aliwakuta wanaomwona kama mtu wa Harvard anayejidai, akaondoka na marafiki.

Kwa nini alipiga kura ya "nipo" mara nyingi?

Katika ukumbi wa Seneti ya Illinois kila seneta ana vitufe vitatu: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni "nipo". Obama aliibonyeza njano mara zipatazo 130, na Hillary Clinton alimsulubu kwa hilo kwenye kampeni ya 2008, akimwita mtu anayekwepa.

Kitu cha kuelewa ni hesabu. Katiba ya jimbo inataka muswada upate wingi wa maseneta wote waliochaguliwa, yaani kura 30 kati ya 59, hata kama ukumbini wamo 40 tu. Kwa hiyo njano haiusaidii muswada. Kwa matokeo ni sawa na hapana. Wabunge huitumia wanapokubali lengo la muswada lakini wanaona umeandikwa vibaya au utagonga mwamba mahakamani. Baadhi ya kura zake kuhusu utoaji mimba zilikuwa mkakati uliopangwa na watetezi wa haki hiyo, ili wabunge wa maeneo magumu wapate mahali pa kujificha kwa pamoja.

Na nyingine, nadhani, zilikuwa kukwepa tu. Kura 130 kati ya zipatazo elfu nne si nyingi, lakini si zote zilizokuwa na sababu nzuri.

Sheria gani yake ndiyo kubwa?

Ile ya kurekodi mahojiano ya polisi. Naieleza kwa urefu kwa sababu inastahili.

Tangu Illinois irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977 hadi mwaka 2000, watu 12 waliuawa kwa sindano ya sumu, na 13 waliokuwa wakingoja kifo waligundulika hawakustahili hukumu hiyo wakaachiwa. Mmoja wao, Anthony Porter, alikuwa amebakiza kama saa 48. Gavana George Ryan, Republican aliyewahi kuunga mkono adhabu hiyo, alisimamisha utekelezaji Januari 2000, na siku chache kabla ya kuondoka madarakani Januari 2003 akawapunguzia hukumu wote waliobaki. Tatizo moja lililojirudia katika kesi hizo lilikuwa kukiri kwa nguvu: mtu anafungiwa chumbani na wapelelezi, anatoka akiwa "amekubali kosa", na hakuna anayejua kilichotokea humo.

Pendekezo la kamera lilikuwa limekufa mara kadhaa. Polisi walilipinga, waendesha mashtaka walilipinga, na gavana mpya, Rod Blagojevich, alikuwa amesema halitaki. Obama hakuliwasilisha kama vita dhidi ya polisi. Aliwaita polisi, waendesha mashtaka na wapinzani wa adhabu ya kifo meza moja, tena na tena, akabishana nao neno kwa neno: ni kesi zipi (mauaji), ni wapi (kituoni), itakuwaje kifaa kikiharibika, vituo vipewe muda gani kununua vifaa. Hoja yake kwa polisi ilikuwa rahisi: mkanda wa mahojiano utamlinda pia afisa mwaminifu anayesingiziwa kipigo. Seneti ilipopiga kura mwaka 2003, hakuna hata seneta mmoja aliyepinga. Gavana akabadili msimamo na kuitia sahihi, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge.

Mwaka huohuo ilipita sheria yake nyingine iliyowataka polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani, ili takwimu zionyeshe kama weusi wanasimamishwa zaidi. Adhabu ya kifo yenyewe ilifutwa Illinois mwaka 2011, yeye akiwa Ikulu.

Ilikuwaje mwaka 2003 mambo yakafunguka ghafla?

Mipaka. Baada ya sensa ya 2000 vyama vilishindwa kukubaliana juu ya ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi, na kwa mujibu wa katiba ya Illinois jina likaokotwa kwa bahati nasibu kuamua nani achore. Democratic wakapata. Ramani yao ikawapa wingi wa Seneti Januari 2003, na Emil Jones akawa rais wa Seneti. Jones, mwanasiasa wa mtindo wa zamani aliyeanzia kazini kwenye mifereji ya jiji, alimlea Obama kama mwanawe wa kisiasa: akampa uenyekiti wa kamati ya afya na ustawi, na akamkabidhi miswada ambayo wengine walikuwa wameihangaikia kwa miaka. Baadhi yao walilalamika kwamba walilima na mwingine akavuna. Walikuwa na haki ya kulalamika.

Aliwahi kushindwa?

Alichapwa. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington na kiongozi wa zamani wa Black Panther (chama cha wanaharakati weusi), kwenye mchujo wa Democratic. Rush alikuwa amempoteza mwanawe kwa risasi miezi michache kabla. Kura muhimu ya kudhibiti silaha ilipigwa Springfield wakati Obama yuko Hawaii na mtoto mgonjwa, na magazeti hayakumsamehe. Mitaani walimwita msomi asiyekuwa mweusi wa kutosha. Matokeo: Rush asilimia 61, Obama 30. Baadaye mwaka huo alisafiri kwenda mkutano mkuu wa chama Los Angeles, na kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari uwanja wa ndege.

Miaka minne baadaye alikuwa mhutubu mkuu wa mkutano kama huo Boston. Siku ile ya hotuba, Julai 27, 2004, alikuwa bado seneta wa jimbo.

Kiti chake kilikwenda kwa nani?

Alijiuzulu Novemba 2004 baada ya kumshinda Alan Keyes wa Republican katika uchaguzi wa Seneti ya Marekani, kwa asilimia 70 ya kura. Nafasi ikajazwa na Kwame Raoul, wakili pia, mtoto wa wahamiaji wa Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa Illinois.

Naweza kusoma alichosema bungeni?

Ndiyo. Bunge la Illinois huhifadhi maandishi ya mijadala ya Seneti, neno kwa neno, na yako wazi kwa yeyote. Mafaili yake binafsi ya Springfield ni habari nyingine, alisema hakuyatunza.

Anza na Machi 1997, alipowasilisha muswada wake wa kwanza, jambo dogo kuhusu orodha ya wahitimu wa vyuo vya jamii ili waajiri wawapate. Wageni hutaniwa, na Seneta Rickey Hendon alisimama akamwomba ataje tena jina lake, maana linamsumbua ulimi. Obama akalitaja. Hendon akauliza: ni jina la Kiayalandi? Kaunti ya Cook, ilimo Chicago, ina sifa moja: wagombea wenye majina ya Kiayalandi hushinda uchaguzi, hasa wa mahakimu, hata kama hakuna anayewajua. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea kaunti nzima.